Sinagogi la Worms: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yanayoulizwa na waliokwisha kufika mara moja na kurudi na utata. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Worms ni wapi?

Ni mji wa mkoani kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika jimbo la Rheinland-Pfalz, ukingo wa magharibi wa mto Rhine. Una wakazi zaidi ya 80,000. Kaskazini yake kuna Mainz, kusini kuna Mannheim.

Walutheri wa Tanzania na Kenya hulijua jina hili tangu darasa la kipaimara, kwa kuwa ni hapa ambapo Aprili 1521 Martin Luther alisimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano akakataa kuyakana maandishi yake. Wengi wanaofika Worms kuona sanamu ya ukumbusho wa Luther hupiga picha na kuondoka, bila kujua kwamba umbali wa kutembea kwa miguu kuna sinagogi ambalo siku ile Luther anaingia mjini lilikuwa na karibu miaka 500 tayari.

2. Lilijengwa lini hasa?

Jibu lina miaka mitatu, na ukiona mahali wametaja mmoja tu, jua habari ni nusu. Mwaka 1034 ilikamilika nyumba ya kwanza. Mwaka 1174 na 1175 ikajengwa nyingine mahali palepale, na umbo lake ndilo unaloliona leo. Kisha, baada ya moto wa 1938 na ubomoaji wa 1942, sinagogi lilijengwa upya na kufunguliwa tarehe 3 Desemba 1961.

Katikati ya miaka hiyo kuna vyumba vilivyoongezwa: mikve, yaani birika la utohara, mwaka 1185/86, sinagogi la wanawake mwaka 1212/13 na chumba cha Raschi, rabi mashuhuri mfafanuzi wa Torati (swali la 10), mwaka 1623/24. Miaka inaandikwa kwa mkwaju kwa sababu mwaka wa Kiyahudi huanza majira ya vuli ya Ulaya, hivyo mwaka wao mmoja hugusa miwili ya kwetu.

3. Mwaka 1034 unajulikanaje? Nani aliandika?

Walioijenga waliuandika wenyewe juu ya jiwe. Jiwe hilo la wafadhili limesalia na limejengewa ukutani karibu na mlango. Linamtaja Yakobo mwana wa Daudi na mkewe Raheli, waliotoa mali yao ili nyumba ijengwe. Mume na mke wametajwa pamoja, na jambo hilo linajirudia hapa Worms, kama utakavyoona katika swali la 8.

Mwaka umeandikwa kwa hesabu ya Kiyahudi, na kwa desturi yao elfu zimeachwa: jiwe linasema 794, maana yake 4794. Ukitaka kuugeuza, toa 3760. 4794 ukitoa 3760 unapata 1034. Hesabu hiyo inafaa kwa miezi ya Januari hadi karibu Septemba. Kwa miezi inayofuata mwaka mpya wao, toa 3761. Wageni wengi hukosea mwaka mmoja hapo, kisha hudhani vibao vinapingana.

4. Sinagogi ni sawa na hekalu?

Hapana. Hekalu lilikuwa moja tu, Yerusalemu, na Warumi waliliteketeza mwaka 70. Huko ndiko kulikotolewa dhabihu. Sinagogi ni nyumba ya kukusanyika, kusali, kusoma Torati na kufundishana, bila madhabahu wala kuhani wa kuchinja. Kwa sala kamili ya pamoja, kwa desturi ya kale, wanahitajika wanaume kumi waliofikia umri wa miaka 13. Jengo si sharti. Kwa hiyo jumuiya ya Worms iliweza kuendelea kuwa jumuiya hata miaka ile nyumba yake ilipokuwa majivu.

5. ShUM ni nini?

Ni herufi za mwanzo za majina ya Kiebrania ya miji mitatu ya mto Rhine: Shin ya Shpira, yaani Speyer, Waw ya Warmaisa, yaani Worms, Mem ya Magenza, yaani Mainz. Waw hapo husomwa kama U. Jumuiya za miji hii zilikuwa na masharti ya pamoja, maarufu kama amri za ShUM, yaliyokubaliwa mnamo 1220, kuhusu kodi, ndoa, mahakama na mengineyo.

Neno lenyewe *shum* kwa Kiebrania ni kitunguu saumu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulisikia bila mkalimani, maana thomu yetu ilitoka kwa Waarabu, na thum ya Kiarabu na shum ya Kiebrania ni ndugu wa mzizi mmoja.

Tarehe 27 Julai 2021 UNESCO iliziingiza sehemu za ShUM katika orodha ya urithi wa dunia. Worms ina mbili: eneo la sinagogi na makaburi ya kale (swali la 17).

## Jengo lenyewe

6. Ndani limepangwaje?

Ukumbi wa wanaume ni wa mstatili. Nguzo mbili zimesimama katikati, zikifuatana kwenye mstari kutoka magharibi kwenda mashariki, na dari ya matao ya mawe imeegemea juu yake. Ukuta wa mashariki, upande wa Yerusalemu, ndipo lilipo Sanduku Takatifu linalohifadhi magombo ya Torati. Kati ya nguzo mbili kuna jukwaa la kusomea, ambalo Wayahudi huliita *bima*. Neno hili halina uhusiano wowote na bima ya afya au ya gari. Wao wanamaanisha jukwaa tu.

Upande wa kaskazini umeungana ukumbi wa wanawake. Upande wa magharibi kuna chumba kidogo cha Raschi. Mikve iko nje, uani, chini ya ardhi.

7. Kwa nini nguzo zimewekwa katikati kabisa, mahali pa kuzuia watu kuona?

Kwanza ni suala la ujenzi. Dari ya mawe ni nzito, na tao halishuki tu, linasukuma kuta kwenda nje. Kadiri ukumbi unavyokuwa mpana bila nguzo, ndivyo msukumo unavyoongezeka na kuta zinavyohitaji kuwa nene. Ukisimamisha nguzo mbili katikati, upana wa kila tao unakuwa nusu, na dari inagawanyika katika vipande sita, vitatu kila upande. Kuta hubaki za unene wa kawaida na madirisha yanaweza kupasuliwa.

Pili, angalia ibada inavyokwenda. Kanisani watu wote hutazama madhabahu iliyo mbele, kwa hiyo nguzo ya katikati ni kero. Hapa shughuli kubwa, yaani kusoma Torati, inafanyika katikati, kati ya hizo nguzo, na watu wanaizunguka. Kilicho kikwazo kule, hapa ni fremu. Wapo wanaokumbuka pia Yakini na Boazi, nguzo mbili za hekalu la Sulemani. Ni ukumbusho mzuri, lakini kwa umbo la jengo sababu ya tao na ya jukwaa inatosha.

Mpango huu wa nguzo mbili ulionekana pia Regensburg, na upo hadi leo katika sinagogi la kale la Praha. Uchongaji wake unafanana na wa kanisa kuu la Worms, lililokuwa likijengwa miaka hiyohiyo, na wataalamu wa majengo wanaona hapo mikono ya mafundi walewale.

8. Wanawake walisali wapi?

Tangu 1212/13 walikuwa na ukumbi wao, uliojengwa kwa fedha za Meir mwana wa Yoeli na mkewe Judith. Ni chumba chenye nguzo moja tu katikati, na matao manne yanayoigawana. Kati yake na ukumbi wa wanaume palikuwa na ukuta mnene, na sauti ilipita kwa shida. Ndiyo maana wanawake walihitaji kiongozi wao wa sala. Jiwe la kaburi la Urania wa Worms, aliyefariki 1275, binti wa Abrahamu aliyekuwa mkuu wa waimbaji wa sinagogi, linasema aliwaimbia wanawake nyimbo za ibada.

Kabla yake kulikuwa na Dolce, mke wa Rabi Eleazar wa Worms. Aliuawa mwaka 1196 pamoja na binti zao wawili, Belette na Hannah, nyumbani kwao. Mumewe aliandika maombolezo ya beti, na ni kwa hayo tunajua kazi zake kwa undani usio wa kawaida kwa mwanamke wa karne ile: alitengeneza tambi za mishumaa ya sinagogi, alishona ngozi za magombo ya Torati yapatayo arobaini, aliwafundisha wanawake wa miji mingine kuimba, na alikuwa mtafutaji wa riziki iliyomwezesha mumewe na wanafunzi wake kukaa vitabuni. Atakayekuambia historia ya sinagogi hili ni ya marabi peke yao, msomee maombolezo hayo.

Ukuta mnene uliowatenga ulipasuliwa karne ya 19, zikawekwa nafasi kubwa za matao. Kwa hiyo uwazi unaouona leo kati ya kumbi mbili ni mawazo ya karne ya 19, si ya mwaka 1213.

9. Mikve ni nini, na inafanyaje kazi?

Ni birika la kujitosa kwa ajili ya utohara, hasa kwa wanawake baada ya hedhi na baada ya kujifungua, kwa wanaoingia dini, na pia kwa vyombo vipya. Si bafu. Mtu huoga kwanza akatakata, ndipo anashuka.

Kanuni ni mbili, na mchoro mzima wa jengo unatokana nazo. Ya kwanza: maji yawe "hai", yaani ya chemchemi, ya mvua au ya ardhini yaliyojikusanya yenyewe. Maji yaliyotekwa kwa ndoo hayafai. Ya pili: mwili wote uzame kwa mara moja, bila kitu kati ya ngozi na maji. Pete, tope chini ya ukucha, fundo la nywele lililokauka, kimoja tu kinatosha kubatilisha. Kiasi cha chini ni sea 40 za kipimo cha kale, ambazo walimu huzihesabu kuanzia lita mia tatu na kidogo hadi zaidi ya mia tano.

Mjini hakukuwa na chemchemi, na mvua peke yake haikutegemewa. Wakachimba hadi maji ya chini ya ardhi. Mikve ya 1185/86, iliyofadhiliwa na mtu aitwaye Yosefu, ni shimo la mawe lenye ngazi inayoshuka hadi chumba cha kuvulia nguo, kisha inaendelea kushuka hadi majini. Mfano wake mkubwa ni mikve ya Speyer, iliyotangulia mnamo 1120.

Kinachoiharibu ni maji yaleyale yanayoipa uhai. Kina cha maji ya ardhini hupanda na kushuka, unyevu hupanda ndani ya jiwe, chumvi huganda chini ya uso wa jiwe na kulibandua tabaka kwa tabaka. Pumzi za wageni wengi ndani ya shimo dogo huongeza unyevu huo. Usishangae ukikuta imefungwa kwa matengenezo. Iliwahi pia kuachwa na kufukiwa, hadi ilipogunduliwa tena mwishoni mwa karne ya 19.

10. Chumba cha Raschi, je, ndimo alimofundishia?

Hapana, na hili ni kosa la kawaida kuliko yote. Raschi alizaliwa Troyes, Ufaransa, mnamo 1040 na kufariki 1105. Chumba kinachoitwa kwa jina lake kilijengwa mwaka 1623/24 kwa fedha za David mwana wa Yoshua Yosefu Oppenheim, miaka zaidi ya 500 baadaye, kama chumba cha masomo. Kiti cha mawe kilichomo huitwa kiti cha Raschi kwa heshima.

Lililo kweli ni kwamba alisoma Worms akiwa kijana, miaka ya 1060, chini ya Isaka mwana wa Eliezeri, Mlawi, baada ya kusoma Mainz. Kwa hiyo aliijua nyumba ya 1034. Hii ya nguzo mbili hakuwahi kuiona. Maelezo yake ya Torati na Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, bado huchapwa pembeni mwa maandiko yenyewe, na mtoto wa Kiyahudi anayeanza kusoma Torati na ufafanuzi, wa kwanza kufunuliwa ni yeye.

## Kuharibiwa na kuinuliwa

11. Limeharibiwa mara ngapi?

Hesabu inategemea unachokiita kuharibiwa. Haya ndiyo matukio makubwa.

Mei 1096, makundi ya Vita vya Msalaba yalipokuwa yakielekea mashariki, Wayahudi wa Worms walishambuliwa mara mbili: kwanza waliobaki majumbani mwao, siku chache baadaye waliokimbilia kwenye ua wa askofu. Habari za Kiebrania za wakati ule zinataja wafu wapatao 800. Inasikitisha zaidi ukikumbuka kuwa mwaka 1074, miaka 22 tu kabla, Mfalme Heinrich wa Nne aliwasamehe ushuru "Wayahudi na wakazi wengine wa Worms" kwa uaminifu wao. Wayahudi walitajwa mwanzo.

Tarehe 1 Machi 1349, wakati wa tauni, walisingiziwa kutia sumu visimani. Mtaa uliteketea na jumuiya ikaangamia. Waliruhusiwa kurudi miaka ya 1350 na wakaitengeneza nyumba, safari hii kwa matao yenye ncha ya mtindo wa Kigothi. Utayaona kwenye madirisha.

Mwaka 1615, siku za Pasaka, vyama vya mafundi vilivyoasi baraza la mji viliwafukuza Wayahudi na kuharibu sinagogi na makaburi. Januari 1616 walirudishwa kwa nguvu ya kaisari. Chumba cha Raschi cha swali la 10 ni tunda la ukarabati wa miaka iliyofuata.

Tarehe 31 Mei 1689, majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yaliuchoma mji mzima, makanisa na sinagogi pamoja. Lilisimamishwa tena mwaka 1700. Halafu 1938.

12. Nini kilitokea tarehe 10 Novemba 1938?

Asubuhi ile, katika mashambulizi ya Wanazi dhidi ya Wayahudi kote Ujerumani, sinagogi lilitiwa moto. Moto wa kwanza ulizimwa na watu wa jumuiya, wanawake wakiwamo, na jina la mwalimu Herta Mansbacher wa shule ya Kiyahudi linakumbukwa kwa kuwakabili waliokuja kuchoma. Wachomaji waliwasha tena, na safari hii sinagogi liliteketea ndani lote. Nyumba na maduka ya Wayahudi mjini yaliporwa siku hiyohiyo.

Kuta zilibaki zimesimama. Mwaka 1942 zilibomolewa. Machi mwaka huohuo Herta Mansbacher alisafirishwa na wengine kwenda Piaski, Poland, na hakurudi. Mwaka 1933 Worms ilikuwa na Wayahudi wapatao 1,100. Baada ya usafirishaji wa 1942 hapakubaki jumuiya.

13. Kama lilichomwa na kubomolewa, vitu vya kale vilisalimikaje?

Kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mhifadhi wa nyaraka wa mji, Friedrich Illert. Alikusanya mawe yaliyochongwa na yenye maandishi kutoka kwenye kifusi, na akaziweka salama nyaraka za jumuiya pamoja na mahazori ya Worms, kitabu cha sala za sikukuu.

Mahazori hiyo inastahili maelezo ya pekee. Ni ya mwaka 1272, imenakiliwa kwa mkono na Simha mwana wa Yehuda kwa ajili ya mjomba wake Baruku mwana wa Isaka. Ndani ya sala ya kuomba umande kwa Pasaka kuna neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa zenye uwazi ndani, na katika uwazi huo mwandishi amechomeka sentensi ndogo ya wino: siku njema imjie atakayekibeba kitabu hiki hadi sinagogini. Kilikuwa kitabu kizito cha ngozi, hakikulala sinagogini, na kila sikukuu kulikuwa na mtu wa kukipakata barabarani. Sentensi hiyo ya kumtakia heri mbebaji haikuandikwa kwa Kiebrania. Ni Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya yenye asili ya Kijerumani, na ndiyo sentensi kongwe ya Kiyidishi yenye tarehe inayojulikana.

Tangu 1957 mahazori iko Yerusalemu, katika Maktaba ya Taifa ya Israeli. Usiitafute Worms.

14. Basi hili la leo ni sinagogi la kweli au ni nakala?

Swali hili huulizwa kwa ukali kuliko mengine, na halijibiwi kwa neno moja. Kazi ya 1959 hadi 1961 ilitumia mawe ya zamani kila yalipopatikana, juu ya misingi ya zamani, kwa kufuata picha na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya moto. Sehemu za chini za kuta, vipande vya mlango, mawe ya maandishi na mikve ni vya kale. Sehemu kubwa ya dari na ukuta wa juu ni kazi ya karne ya 20.

Kuliita "jengo la karne ya 12 lililohifadhiwa" ni kuficha 1938. Kuliita "nakala" nako ni kusahau kwamba jengo hili halijawahi kuwa kitu kingine ila mawe ya zamani yaliyopangwa upya: walifanya hivyo baada ya 1349, baada ya 1615, na mwaka 1700. Tofauti ni kwamba zamani zile waliojenga upya walikuwa wenyewe waliofiwa. Mwaka 1961 waliojenga walikuwa dola na mji, na wenye nyumba hawakuwapo. Tofauti hiyo ndiyo ya kuizingatia unaposimama mlangoni, kuliko umri wa jiwe hili au lile.

15. Kwa nini lijengwe wakati hapakuwa na Wayahudi wa kusali?

Hata wakati ule watu walibishana. Wapo waliotaka magofu yaachwe kama ushahidi, na wapo walioona kuyaacha ni kuwapa ushindi waliochoma. Lilifunguliwa tarehe 3 Desemba 1961, siku ya kwanza ya Hanuka, sikukuu ya kuliweka wakfu upya hekalu lililonajisiwa. Siku hiyo haikuangukia kwa bahati.

## Yanayochanganya

16. Ule ukuta uliobonyea kwa nje una kisa gani?

Kwenye kichochoro kando ya sinagogi kuna mbonyeo ukutani. Inasimuliwa kwamba mama mjamzito alipita hapo, gari la farasi likaja kwa kasi, akajibana ukutani, na jiwe likaingia ndani kumpa nafasi. Wengine husema alikuwa mama yake Raschi, wengine mama yake Rabi Yuda Mcha Mungu. Kwa Raschi haiwezekani kwa jiwe hili, maana alizaliwa Troyes na ukuta huu ni wa baada yake.

Kisa kingine ni cha taa mbili zilizokuwa zikiwaka sinagogini kwa ajili ya wageni wawili wasiojulikana, waliojitwika kosa lisilo lao ili jumuiya yote isiuawe. Visa vya namna hii viliandikwa na Juspa, mtumishi wa sinagogi wa karne ya 17, na mwanawe akavichapisha Amsterdam mwaka 1696. Juspa aliandika pia desturi za sinagogi siku kwa siku, na kwa mtafiti hicho ni hazina kuliko visa vyenyewe.

17. Makaburi ya Heiliger Sand ni sehemu ya sinagogi?

Ni ya jumuiya ileile lakini hayapakani nalo. Sinagogi liko kaskazini mwa mji wa kale, kwenye Judengasse. Makaburi yako upande wa kusini-magharibi, nje ya ukuta wa zamani. Jina lake maana yake ni mchanga mtakatifu. Jiwe kongwe linalosomeka, la Yakobo aliyeitwa Kijana, ni la 1058/59. Mazishi ya kawaida yalihamia makaburi mapya mwaka 1911.

Kaburi linalotafutwa zaidi ni la Rabi Meir wa Rothenburg. Alifungwa mwaka 1286 na Mfalme Rudolf wa Habsburg, akafia kifungoni 1293, na maiti yake ikazuiliwa miaka 14. Mwaka 1307 mfanyabiashara Alexander mwana wa Sulemani, wa ukoo wa Wimpfen, alilipa fidia, akaomba jambo moja tu, azikwe ubavuni mwake. Mawe mawili yamesimama pamoja hadi leo, yamefunikwa kokoto na vikaratasi vya maombi.

18. Nimesoma kuhusu sinagogi jingine la Worms la mwaka 1875. Ni lipi?

Ni sinagogi la Levy, lililojengwa ng'ambo ya barabara na Leopold Levy kwa ajili ya waliotaka ibada ya mtindo wa zamani baada ya jumuiya kuanza mabadiliko. Liliharibika vibaya vitani na magofu yake yakaondolewa mwaka 1947. Ukiona picha ya zamani ya sinagogi la Worms lenye sura ya karne ya 19, ni hilo.

19. Je, limeshambuliwa tena baada ya 1961?

Ndiyo. Usiku wa kuamkia 17 Mei 2010 watu walijaribu kulichoma, wakawasha moto sehemu kadhaa za nje na kurusha chupa ya petroli dirishani. Mawe hayakushika moto, na hakuna aliyejeruhiwa.

## Kutembelea

20. Nianzie wapi nikiwa na saa tatu tu?

Anzia makaburini, maana yako karibu na kituo cha treni na sanamu ya Luther. Tenga saa moja. Kisha vuka mji kwa miguu ukipitia kanisa kuu hadi Judengasse. Sinagogini, kabla hujaingia, tafuta jiwe la Yakobo na Raheli (swali la 3). Ndani, simama kati ya nguzo mbili, geukia mashariki, halafu kaskazini uone uwazi wa ukumbi wa wanawake. Mikve baadaye, ikiwa wazi. Malizia Jumba la Raschi lililo nyuma, makumbusho yaliyofunguliwa 1982.

Kinachokosewa mara nyingi ni siku. Makaburi hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi, na sikukuu hizo hubadilika kila mwaka kwa kalenda yetu. Miezi ya Septemba na Oktoba zinafuatana karibu bila pumziko. Angalia kalenda kabla ya kununua tiketi.

21. Nivae nini? Naruhusiwa kuweka maua kaburini?

Mwanamume afunike kichwa, sinagogini na makaburini. Kofia yoyote inafaa, hata kofia ya kiua. Mavazi ya heshima yanatosha kwa wote. Maua si desturi yao. Wao huweka kokoto juu ya jiwe, ishara kwamba mtu alifika. Usiegemee mawe wala kuyasugua ili maandishi yaonekane: mengi ni ya jiwe laini la mchanga, na ukisugua herufi inaondoka na kiganja chako.

22. Ibada bado zinafanyika? Naweza kuhudhuria?

Zinafanyika. Tangu miaka ya 1990 Wayahudi kutoka nchi za iliyokuwa Muungano wa Kisovyeti walihamia mkoa huu, na wa Worms wako chini ya jumuiya ya Mainz. Asiye Myahudi anaweza kukaribishwa, lakini si kwa kubisha hodi. Andikia jumuiya ya Mainz mapema, eleza wewe ni nani na kwa nini unataka kuja, na uwe na pasipoti au kitambulisho siku hiyo, kwa sababu ulinzi upo. Kama ni Sabato, zima simu kabla ya kuingia na usiandike chochote ndani. Ukipewa kitabu cha sala, kipokee kwa mikono miwili na usikiweke sakafuni.